Mtu wa Kofia Kwenye Mashuka ya Mama

Ng'ombe wa katekista wetu alitumbukia chooni siku ya Jumamosi, mimi nikiwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Sina hakika kama naikumbuka kweli siku hiyo au nimesimuliwa mara nyingi mpaka imekuwa yangu. Naona pembe mbili zimetokeza shimoni, wanawake wameziba pua kwa kanga, na katekista amesimama pembeni anasali kwa sauti huku katikati ya sala akimtukana ng'ombe. Choo kilikuwa kipya, miti ya juu mibichi, na mtu alikuwa amemwaga maganda ya viazi pale. Wanaume walimvuta kwa kamba za magome, zikakatika. Ndipo mmoja akasema padri ana kamba nene stoo.

Aliyekwenda kuzichukua alikuwa baba yangu Yakobo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mpishi wa padri na funguo alikaa nazo yeye. Nilikuwa mgongoni mwake. Ng'ombe alitolewa, akaoshwa, na maziwa yake hakuna aliyeyagusa mwaka mzima ingawa katekista aliapa kwamba ni masafi. Lakini ng'ombe nimemleta tu kwa sababu ya ile stoo. Humo ndani, nyuma ya madebe ya mafuta ya taa, kulikuwa na mashine nyeusi iliyofunikwa gunia. Nilimuuliza baba ni kitu gani. Akasema, "Hayo ni macho ya padri. Yamelala."

Ikapita miaka minne hivi kabla macho hayo hayajaamka.

Haya nayaandika Rooty Hill, nyumbani kwa binti yangu, huku Sydney ambako mwezi wa sita ndio baridi kali. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta nimezunguka mno mnivumilie, nyinyi wa rika langu mnajua jinsi mambo yanavyokuja. Juzi mjukuu wangu Neema alitoa hita kabatini akaiwasha. Ilikuwa imelala humo tangu baridi ya mwaka jana, ikaanza kunuka vumbi linaloungua juu ya chuma cha moto. Nilijikuta nimekaa sakafuni. Neema akaniuliza kwa Kiingereza chake kama naumwa, maana Kiswahili anakisikia chote lakini ulimi wake umegoma. Nikamwambia siumwi, nimesikia harufu ya sinema.

"Sinema hainuki, Bibi," akasema.

Yetu ilinuka.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya reli, upande wa Tabora, na misheni ilikuwa ya padri mmoja Mhispania tuliyemwita Padri Ndevu. Kabla ya kwetu alikuwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na alipohamishwa alimchukua mpishi wake, ndiye baba. Kwa hiyo baba hakuwa mtu wa pale. Kiswahili chake kilikuwa cha kule, watu walimcheka kwa jinsi alivyopindisha maneno, naye alicheka nao. Kihispania alikijua cha jikoni: chumvi, moto, haraka, siyo hivyo. Sasa mtu mwenye Kihispania cha namna hiyo ndiye aliyesimama kututafsiria sinema.

Filamu ilifika kwa treni, katika makopo ya bati, ikizunguka kutoka misheni hadi misheni. Ilikuwa ya huko kwao padri. Ilioneshwa kanisani Jumapili saa nane mchana, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi na magunia ya karanga ili kupatikane giza. Mama yangu alishona mashuka matatu yakawa kitambaa kimoja, kikatundikwa mbele ya altare, na mshono ulipita katikati ya nyuso za watu. Jenereta ilitetema nje kama mgonjwa wa homa. Wanawake kushoto, wanaume kulia, sisi watoto chini kabisa mbele. Na joto. Nta ya mishumaa, jasho, na lile vumbi lililoungua juu ya taa ya mashine.

Baba alisimama kando ya shuka na koti lake jeupe la upishi na fimbo mkononi. Kuna mji wa mawe, akasema, na mvua. Tukaona mji wa mawe na mvua. Kuna mtu mwenye kofia, mkewe, na binti yao. Binti alikuwa wa umri wangu, amevaa soksi nyeupe mpaka magotini. Yule mtu alikunywa supu, akafuta masharubu, akachukua kofia, akamtazama mtoto kwa muda mrefu, akatoka. Mtoto akasimama mlangoni. Mtu akapanda ile barabara ya mawe mpaka akawa mdogo kama kijiti cha kiberiti. Kisha shuka likawa jeupe.

Blanketi la dirisha moja likashushwa ili padri aone kubadilisha mkanda. Baba akasema, "Hadithi ya kwanza imekwisha. Sasa inakuja ya pili, ya watu wengine."

Kulikuwa na mzee mmoja wa reli, Mzee Shabani, Mwislamu, aliyekuja kwa ajili ya sinema tu na kukaa karibu na mlango asije akahesabiwa Mkristo. Akauliza, "Imekwishaje, mpishi? Mtu si bado yuko njiani?"

"Ndivyo ilivyo, mzee."

"Mimi sikuingia kanisani kutazama mgongo wa mtu. Kaenda wapi?"

Upande wa wanawake Mama Kulwa, jirani yetu, akadakia, "Na yule mtoto mmemwacha mlangoni na mvua yote ile? Mwingizeni ndani kwanza, ndiyo mtuletee hao wengine."

Kwetu ilikuwa hivyo. Hadithi haikatwi na mtu akiwa njiani. Msimulizi akikufanyia hivyo amekunyima, ni sawa na mtu aliyekupakulia ugali akaondoka na mboga. Kanisa zima likaanza kunung'unika, na Padri Ndevu ameinamia mashine yake hasikii kitu. Blanketi likarudishwa. Kwenye shuka akatokea mtu mwembamba, hana kofia wala masharubu, anaosha vyombo katika hoteli ya mji mkubwa. Baba alimwelekezea fimbo. Kisha nikamsikia anasema, "Huyu ni yule yule. Amekonda. Njia imemla."

"Na kofia?" akauliza Mzee Shabani.

"Upepo."

"Na masharubu?"

"Mzee, mtu akiwa ugenini atanyolewa na yeyote."

Watu wakacheka, wakatulia, wakashukuru. Kutoka hapo baba hakurudi nyuma. Kipande cha tatu kilikuwa na jeneza kwenye mkokoteni, mvua ile ile, na mbwa mmoja anafuata. Baba akasema ndiye yeye. Mama Kulwa akaanzisha kilio, wanawake wakapokea, kilio cha kweli cha msiba, mpaka Padri Ndevu akaruka akidhani mtu ameungua. Alipoelezwa, alicheka, halafu akatikisa kichwa. "Ni watatu, Yakobo. Watu watatu, hadithi tatu." Nilimsikia kwa masikio yangu. Lakini mimi mwaka ule nilikuwa nafundishwa katekisimu, na nilishajua kwamba watatu wanaweza kuwa mmoja. Sikuona tatizo.

Nilibaki na imani hiyo hadi uzeeni. Alhamisi huwa tunakutana Auburn sisi wazee wa Kiswahili, ukumbi ulio nyuma ya duka la nyama, na kijana mmoja anayeitwa Baraka, anasomea mambo ya filamu chuo kikuu kule Kensington, hutuletea chai na kutusikiliza. Baada ya ile hita nilimsimulia filamu yangu yote. Alisikiliza vizuri, kisha akasema, "Bibi, hiyo haikuwa hadithi moja. Zamani walikuwa wanatengeneza filamu za namna hiyo. Waongozaji watatu, kila mmoja na kipande chake na watu wake."

"Na mtu wa kofia?"

"Ameishia kipande cha kwanza."

"Hawamwoneshi tena?"

"Hapana, Bibi. Amekwenda tu."

"Na aliyekufa?"

"Mwingine kabisa."

Mama Wanjiru, mwenzetu wa Kenya, nesi mstaafu mwenye mdomo, akaniambia, "Woi, Veronika, umelia matanga ya mtu usiyemjua maisha yako yote." Tukacheka sote. Lakini nilipokuwa narudi, pale stesheni ya Auburn, nilijiona tena nafanya kile ambacho nimekifanya katika kila stesheni niliyowahi kusimama: natazama migongo ya wanaume. Wamevaa kofia za kiwandani, za mchezo, wengine hawana kabisa. Natazama tu mpaka wanakuwa wadogo.

Ngoja nirudi. Ile filamu ilitakiwa kuondoka Jumatatu, lakini mvua ilibomoa daraja la reli na treni zikasimama. Kwa hiyo tukaitazama Jumapili ya pili, na ya tatu, na ya nne. Hakuna aliyechoka, kwa sababu kila Jumapili ilikuwa nyingine. Picha ni zile zile lakini baba alibadilisha maneno. Jumapili ya pili alisema mtu wa kofia ameondoka kwa sababu bwana wake amehamishwa naye hana budi kumfuata, na kwamba amemwahidi mkewe miezi mitatu. Mimi nilimwona kweli anaahidi. Jumapili iliyotangulia hakuahidi kitu, na sasa, pale anapofuta masharubu, niliona midomo inasema miezi mitatu. Nikaelewa, kwa akili ya mtoto, kwamba wale watu wako hai ndani ya mashuka ya mama, na wanafanya kile baba anachowaambia.

Hofu iliyonishika siwezi kuieleza. Nikiwa nyumbani nilijua wamekunjwa ndani ya sanduku chini ya kitanda cha mama, na yule mtoto wa soksi nyeupe humo ndani amesimama.

Jumapili ya tatu nilitambaa nikapita nyuma ya shuka. Nilitaka kuona anakokwenda mtu wa kofia akishavuka ukingo. Huko nyuma picha ilikuwa imegeuka, mtu alikwenda upande mwingine, akafika ukingoni, na baada ya ukingo kulikuwa na ukuta na kapu la maua makavu. Nikainua uso. Kupitia pengo la pembeni mwa shuka nilimwona baba, mwanga wa mashine unamcheza usoni. Hakuwa anawatazama watu. Alikuwa anamtazama yule mtoto mlangoni, na uso wake umelowa mpaka kidevuni. Nilidhani ni jasho.

Kilipokuja kipande cha mwosha vyombo, baba akasema kwa sauti ya chini, mpaka watu wakainama mbele kusikia, "Huku alikofika amepata mke mwingine. Na mtoto mwingine wa kike."

"Mbona hatuwaoni?" akauliza Mzee Shabani.

"Wako nyumbani. Hawaoneshwi."

Upande wa wanawake vichwa vikageuka. Nikawaona wanamtazama mama yangu, mmoja baada ya mwingine, kisha wanaangalia chini.

Siku hiyo nyumbani, jua bado liko juu, mama alikuwa anabangua karanga na baba amekaa kizingitini anafunga viatu vyake. Mama hakuinua kichwa. "Yakobo, hayo ya kwenye shuka yaishie kwenye shuka. Mashuka ni yangu."

"Ni sinema tu, Mama Vero."

"Basi niambie jina la mtoto wa sinema."

Baba akaendelea kufunga kiatu kile kile. Mama akabangua karanga. Mimi nilifurahi, nikadhani mama naye anamwonea huruma yule mtoto kama mimi, ndiyo maana anataka kumjua jina.

Mama alikuja kuniambia nikiwa nimeshaolewa, tena kwa maneno machache, huku anachambua mchele. Baba alikuwa na mke na binti ng'ambo ya ziwa. Alimfuata padri akiwaahidi ni miezi mitatu tu. Padri alijua au hakujua alipowafungisha ndoa pale kwetu, mama hakusema, na mimi sitamsingizia marehemu. Mama aligundua mwaka ule ule wa mashuka, kwa kumsikiliza mumewe anavyotafsiri. Wiki nzima baada ya Jumapili ya tatu, aliniambia, alipika kila alichokipenda baba, kisamvu kwa karanga, uji wa ulezi wenye asali, akawa anausoma uso wake kila anapokula. Alitaka abaki. Hakumwomba. Alipika tu.

Na mimi nilifanya yangu. Hapa ndipo ningependa kunyamaza, lakini nimeshafika.

Jumamosi habari zilikuja kwamba daraja limepona na makopo yataondoka Jumatatu. Nilimfuata baba jikoni kwa padri. Nilizoea kukaa juu ya debe nikimtazama anavyomenya viazi, ganda moja refu lisilokatika. Nikamuuliza, "Baba, kesho ndiyo mwisho?"

"Ndiyo mwisho."

"Kwa hiyo yule mtoto atabaki amesimama?"

Kisu kikasimama. "Mtoto yupi?"

"Wa mlangoni. Baba yake hajarudi. Mwambie arudi."

"Mimi nitamwambiaje?"

"Wewe ukisema, wao wanafanya. Mimi nimeona."

Akanitazama namna ambayo hakuwahi kunitazama, kama mtu anayetafuta mtu mwingine ndani ya uso wangu. Akasema, "Huyo mtu ameshapata nyumba nyingine, Vero. Ana mtoto mwingine anayempenda sana."

Nilifikiri. Naapa kwamba nilifikiri. Nikasema, "Huyo mwingine amekaa naye siku nyingi. Yule wa mlangoni ana mvua."

"Na huyu mwingine hatalia?"

"Atalia kidogo. Halafu ataingia ndani."

Baba akaweka kiazi ndani ya maji. Akafuta mikono kwenye koti, akanishika kichwa, mkono wake unanuka vitunguu na sabuni. "Haya," akasema. "Nitamrudisha."

Nilikimbia nyumbani. Nilimkuta mama anasonga ugali nikamwambia baba amekubali kumrudisha yule mtu kwa mtoto wake. Mama akaacha mwiko ndani ya sufuria. Akaniuliza ni nani amemwambia afanye hivyo. Nikajibu kwa majivuno kwamba ni mimi. Hakunipiga. Mpaka leo natamani angenipiga.

Jumapili ya nne kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi za altare. Mama alikuja akiwa amevaa kitenge chake kipya na kukaa mbele kabisa, mahali ambapo baba hangeweza kutomwona. Baba alitafsiri vizuri kuliko siku zote. Aliwapa sauti watu wote, hata mbwa alimpa sauti, na Mzee Shabani alicheka mpaka akakohoa. Mtu wa kofia aliondoka. Mwosha vyombo aliosha. Nilisubiri kipande cha tatu nikiwa nimekunja vidole ndani ya gauni.

Likaja jeneza na mvua. Mama Kulwa akavuta pumzi ili aanze. Baba akainua fimbo akasema, "Msilie. Hajafa. Hapa ndipo anaporudi kwao."

Kanisa likashangaa. "Mpishi, mbona tunaona jeneza?" akauliza Mzee Shabani.

"Jeneza ni la mtu mwingine, mzee. Padri aliniambia tangu siku ya kwanza. Huyu wetu anarudi. Amechelewa, lakini anarudi."

Nilipiga makofi. Peke yangu, chini pale mbele, nilipiga makofi kwa nguvu, na watoto wengine wakanifuata, kisha watu wazima, maana nani asiyependa mtu arudi kwa mtoto wake. Mama hakupiga. Alikuwa ameshika mikono yake mapajani, anamtazama baba, naye baba akamtazama, halafu akanitazama mimi. Akaegemeza fimbo ukutani polepole isije ikaanguka. Akapita mbele ya mashuka, kivuli chake kikapanda juu ya barabara ya mawe na mkokoteni na mbwa, akaenda hadi mlango mdogo wa pembeni. Alipoufungua mwanga wa mchana uliingia wote kwa mara moja na picha ikafutika kabisa, tukabaki na mashuka matatu na mshono. Kutoka chini nilipokaa nilimwona nje, koti jeupe, anapita penye jenereta, anapita penye kisima, anashika njia ya reli. Hakukimbia wala hakugeuka. Nikadhani amekwenda kumleta yule mtu. Niliendelea kupiga makofi mpaka akawa mdogo, mpaka mtu akaufunga mlango ili giza lirudi.